Baiskeli ya Kulmiye

Leila, ndugu yangu Kulmiye ametoka mtihani wa kuongea Kizungu sasa hivi. Amekaa kwa ngazi, hataki hata maji.

Swali la kwanza lilikuwa baiskeli. Baiskeli, Leila. Mtu wa malishoni kule Kulamawe, hajawahi kukalia hata moja.

Akakumbuka vile ulimfundisha: ukiulizwa kitu hukijui, fikiria kile unapenda, ujibu nacho. Akafikiria ngamia wake, yule baba alimpa siku alizaliwa. Basi Kizungu kikamiminika. Baiskeli alipewa na baba, walikua pamoja, ilimbeba kila mahali. Yule mama wa kuuliza anatabasamu tu.

Mpaka akamuuliza, "Na sasa iko wapi?"

Akasema ilikufa na ukame.

Baiskeli. Ilikufa na ukame.

Mama akarudia swali polepole, akidhani hawajaelewana. Kulmiye akasema tena ilikufa, akaongeza ilikuwa na mimba. Hapo akalia hadi muda ukaisha.

Ile kazi ya unesi ng'ambo tusahau.

Nimemwambia angesema tu iliibwa. Ameniangalia, akasema, "Safiyo, hakuna mtu alimuiba. Mimi ndio nilikuwa nimemshika kichwa."