Chafya Iliyoanzisha Grupu Yetu

Jumanne. Baridi ya Eldoret leo imeingia mpaka kwa mifupa. Nepi nimeanika tangu asubuhi na bado zinatoa maji.

Mtoto amelala. Wacha niandike haraka.

Shangazi Selina, anayeishi Amerika, ndiye anaongoza grupu yetu ya simu ya watu wa Uasin Gishu walio ng'ambo. Hakuna anayelipwa. Mmoja anapokea wageni, mwingine anatafutia wanafunzi mahali pa kulala, mimi nawatumia picha za mahindi ya kwetu kijijini, Soy, mpaka wanalia. Sasa Shangazi ameniomba ukurasa mmoja: grupu ilianza vipi, ili watoto waliozaliwa huko wasome.

Niliishia darasa la nane, lakini si kuandika kulikonishinda. Ni ukweli.

Hadithi yenyewe kila mtu anaijua. Shangazi alijifungua msichana huko. Kwetu Wakalenjin, mtoto hutajiwa majina ya watu wa ukoo waliofariki, moja moja, mpaka apige chafya. Jina lililoleta chafya ndilo lake. Aliyejua majina ni Gogo, nyanya yangu, na Gogo yuko Soy. Basi simu ikapigwa, na wanawake wa kwetu walio nchi zingine wakaunganishwa wasikilize. Gogo akataja, akataja. Alipofika kwa Tapkigen, mama yake mzazi, chafya ikasikika. Vigelegele!

Na baada ya hapo hakuna aliyekata. Waliongea mpaka simu ya Gogo ikazima. Wiki iliyofuata wakapigiana tena, kwa sababu mwingine alikuwa na mimba na yeye pia hakuwa na wa kumtajia majina. Ndiyo grupu hiyo.

Lakini mimi nilikuwepo. Nilikuwa darasa la saba, nimemshikia Gogo simu.

Gogo huwa anamsogezea mtoto ugoro kidogo puani, ili chafya isichelewe. Siku hiyo, kwa mazoea tu, alifungua kopo akaisogezea simu. Simu haina pua. Mimi ninayo.

Chafya ilikuwa yangu.

Gogo alikuwa amefumba macho akitaja, akadhani imetoka kwa simu. Sikusema. Ningesema vipi, na Gogo analia kwa furaha? Sasa Tapkigen ana miaka kumi na moja. Kila mgeni akiingia kwa grupu, yeye humtumia ujumbe wa sauti: "Mimi nilichagua jina langu mwenyewe." Niandike uongo asome, ama nimnyang'anye kitu anachokipenda hivyo?

Jumapili, baada ya kanisa, nilienda Soy nikamwambia Gogo.

"Na ugoro wangu uliomwagika siku hiyo, ukasema ni kuku?"

"Ni mimi, Gogo."

"Kuku wa watu nilimfukuza na fimbo!" Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akafunika kopo la ugoro. "Mwambie Selina. Hiyo sitakubebea."

Jana nikamtumia Shangazi sauti. Niliifuta mara mbili. Ya tatu mtoto alikuwa analia nyuma yangu, nikaiacha iende hivyo hivyo.

Alijibu alfajiri, polepole, kama mtu anayefunga mlango asiamshe watu. Kumbe alijua. Mtoto alikuwa kifuani kwake, amelala fofofo, na chafya ilitoka kwa simu. Alidhani ni Gogo. Alingoja mtu aseme, hakuna aliyesema, na jina lilikuwa la mama yake Gogo, nyanya aliyemlea yeye Selina. Akanyamaza. Miaka yote hii sote wawili tumenyamazia kitu kimoja.

"Andika vile ilivyokuwa," akasema. "Lakini Tapkigen wacha nimwambie mimi kwanza."

Tangu hapo nimekuwa nikiangalia simu kila nikikamua nepi. Sauti imeingia saa tisa hivi. Ni yake mwenyewe, na Kiswahili chake cha kuvunjika.

"Auntie. Kwa hivyo ni wewe." Nikasikia akivuta kamasi. "Sawa. Jina ni yangu, sirudishi. Lakini ukisikia chafya inakuja tena, toka nje!"

Nimecheka nikilia. Mtoto ameamka, nikambeba mgongoni.

Ukurasa ule niliokuwa nimeuanza nimeufuta wote. Kesho nikipata nafasi nitaendelea, lakini mstari wa kwanza ninao tayari:

Grupu yetu ilianza na chafya, na aliyeipiga ni mimi.