Mbuzi Aliyechinjiwa Hamisi

Nyanga, Bukoba
Ijumaa jioni

Kaka Hamisi,

Barua ya heshima huanza kwa kuuliza hali, na mwalimu wangu wa misheni alinicharaza fimbo kila nilipojisahau. Lakini wewe nikikuuliza hali si utanicheka? Basi hapo naruka. Mimi mzima. Nasema mzima kwa kuwa nakula na ninatembea, lakini uso wangu siku hizi sijui niuweke wapi.

Wala sijui nani atakusomea huko. Herufi zako wewe ni za chuoni, za Kiarabu, zangu ni za darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Ulikuwa ukiniambia mbele za watu, "Kamugisha, wewe umesoma nusu ila unaongea mara mbili." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaongea mara ya tatu. Leo nataka kusema mara moja tu, na inanishinda. Nimeshachana karatasi nyingi hapa.

Nianze na habari njema, maana zipo. Mama yako anakula. Ameanza tena kupika maandazi na kuyapeleka sokoni. Baiskeli yako nimeitia mafuta. Yule mwenzetu wa Rubafu mwenye taa ya karabai inayokohoa, bado anakohoa nayo. Juzi aliwasha kwenye maulidi pale Miembeni, na msomaji akawa anasoma mstari mmoja taa ikizimika, mmoja ikiwaka. Nilikaa nyuma nikajisemea, angekuwepo Hamisi leo angeumwa mbavu kwa kucheka.

Na mimi, kaka, nimekuwa mtu mkubwa. Usicheke. Tangu uondoke wananiita mimi niwawashie taa. Harusi mimi, kwaya ya Krismasi mimi, dansi ya makarani mimi, na pale kwenye dansi nilifunika kioo kwa karatasi nyekundu ya peremende kama ulivyonionyesha, wasichana wakawa wekundu wote kama jua la jioni, na karani mmoja akaniuliza kama nimesomea Kampala. Nikamwambia ndiyo. Unaona? Hivyo ndivyo nilivyo. Uongo unanitoka kabla sijaujua, kama chafya.

Unakumbuka Jumapili zetu? Hatuna kazi ya mtu, hatuna bwana wa kutuamuru, tunashuka ziwani na vioo vya taa tumevifunga kwenye kanga ya mama yako. Tunavisugua kwa majivu, tunavisuuza, tunaviweka juu ya jiwe vikauke, halafu tunalala majanini tukizisema taa za watu. Ya duka la Mhindi imening'inizwa chini mno. Ya klabu inawaka kama mgonjwa. Hata tukienda dansi kwa starehe zetu, wenzetu wanatazama viuno, sisi tunatazama juu kwenye dari. Ndiyo maana hatukuoa.

Sasa niseme.

Wale watu wa Muleba, ukoo wa Mzee Kaijage, waliokusikia sifa tu wakakuagiza kwa dereva wa lori uende ukawashie harusi ya kijana wao. Ulikubali, kisha homa ikakushika. Tulipokwisha kukuzika, mama yako aliniita akanikabidhi karabai zako zote mbili kwa mikono miwili, akasema, "Nenda ukamalizie kazi ya ndugu yako. Usiwaache watu wa watu gizani." Nikapokea kwa magoti. Wallahi, na mimi si mtu wa kuapa hivyo, nilitoka pale nikiwa na nia safi kama kioo cha ziwani. Nilikuwa nimeyapanga hata maneno: Hamisi amefariki, mimi ni mwenzake, nimekuja kwa niaba yake.

Nikafika. Nateremka kwenye lori na taa zako, mtoto mmoja akapiga kelele, "Hamisi amefika! Hamisi wa Bukoba!" Wanawake wakatoka jikoni, vigelegele. Kaka, vigelegele vile ningevikataaje? Hakuna aliyewahi kunipigia mimi vigelegele, labda mama yangu nilipozaliwa, na sina hakika. Nikasema moyoni, wapumue kwanza, nitawaambia baadaye.

Baadaye yenyewe hii hapa. Mzee Kaijage akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Akasema, "Waitu, ndugu yetu, sisi hapa ni Walutheri watupu, lakini mgeni wetu tunajua dini yake." Nikaona mbuzi mdogo amefungwa. Wamemtuma mtu mpaka senta, kwenye maduka, akamwite mchuuzi Mwislamu aje amchinje, ili Hamisi asilale njaa kwenye harusi yao. Sufuria mpya, kaka. Haijapikiwa kitu. Wakanitandikia mkeka peke yangu, maji ya kunawa, kitambaa.

Mimi, niliyebatizwa pale Nyanga, nikasema "Bismillahi" kwa sauti, nikala.

Ukinipiga naelewa. Lakini bado sijafika penyewe.

Jua lilipozama mzee wa kanisa akafungua kwa sala. Akaombea maharusi, akaombea wageni, kisha akasema, "Na huyu Hamisi, Bwana, ingawa si wa zizi hili, ametoka mbali kutuletea mwanga. Umjalie maisha marefu." Watu wote: Amina. Na mimi, Amina. Nilikuwa bado na udongo wa kaburi lako kwenye mishono ya viatu.

Hapo ndipo ningepiga magoti niseme. Badala yake nikajiambia, kama nimelichukua jina lake, basi niling'arishe. Niwashe kuliko yeye.

Ule ulikuwa msimu wa senene, panzi wale watamu wanapofuata mwanga usiku, unaujua. Na unajua wewe ulivyokuwa ukifanya: taa ya pili hukuileta uani kamwe. Uliitundika mbali, huko mtelemkoni nje ya migomba, ukaiwasha mapema, senene wote wakaenda huko, na watoto nao na vikapu vyao, harusi ikabaki na utulivu wake chini ya taa ya kwanza uliyoivisha kofia ya bati ili mwanga ushuke, usipande. Na mimi nilikuwa nakutania, "Kaka, unayawashia majani? Leo majani yanaoa nani?" Wewe unapiga pampu tu.

Mimi nilizitundika zote mbili uani. Na kofia za bati nikazivua. Watu wakasema "Aaah!" na kila uso ukaonekana kama mchana kabisa. Bibi harusi alifunikwa shela lakini ungeweza kuhesabu kope zake. Nikakunja mikono nikasimama kama gavana.

Wakaja. Mmoja, akatua kwenye keki. Wawili. Kisha mvua ya senene, kaka, sijaona. Baba wa bibi harusi alikuwa amesimama anatoa wosia, amefika penye uvumilivu katika ndoa, na watu wa meza yake wote wameondoka, amebaki peke yake. Wazee wanakinga kofia. Akina mama wamefungua kanga. Wanakwaya wanatia kwenye mifuko ya majoho. Mzee wa kanisa, yule yule aliyeniombea, yuko juu ya kiti. Maharusi wamebaki wawili mezani wanatazamana, na bibi harusi analia, na bwana harusi, Mungu amsamehe, naye jicho lake liko juu.

Mpambe mmoja akaruka na kofia yake, akaipiga taa. Soksi inayowaka ndani ya kioo ikamwagika. Kijifuko kile kikishaungua ni jivu tu lililoshikana. Ukikitingisha vibaya hakipo. Wakakimbilia ya pili, wakavuta kamba, na yenyewe ikaenda. Giza. Nikasikia meza inaanguka, chungu cha mchuzi kinapasuka, mtu anapiga yowe. Na sauti ya Mzee Kaijage: "Hamisi! Hamisi, taa!" Soksi za akiba nilikuwa nazo mfukoni, lakini gizani ningezifungaje, na wewe ulinifundisha mara ngapi niweke koroboi inayowaka chini ya meza, nami nikaona koroboi ni aibu kwa fundi kama mimi. Harusi wakaimaliza kwa koroboi za jikoni. Bibi harusi aliondoka huku shela yake imejaa mchuzi.

Mzee Kaijage hakunigombeza. Alikuja tu akasimama karibu nami, akasema taratibu, "Hamisi, mwanangu, tulisikia sifa zako. Kumbe tulisikia vibaya."

Nilikuwa na mdomo. Ulimi ulikuwepo. Neno moja tu lilitakiwa, jina langu, na mimi jina langu huwa nalitaja hata nisipoulizwa. Siku ile nikanyamaza, kwa sababu aliyeharibu alikuwa Hamisi, na mimi nikaona afadhali. Umesikia? Niliona afadhali.

Na kwenye lori la kurudi, wamekaa juu ya magunia ya kahawa wanasimuliana, mmoja akasema, "Huyo Hamisi wa Bukoba! Ameitwa alete mwanga, akaleta mboga!" Lori zima likacheka. Mimi nilikuwa nimejifunika koti. Na mimi nikacheka, kaka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote.

Niliporudi mama yako akaniuliza, "Uliwaambia kwamba mwanangu amefariki?" Nikasema, "Niliwaambia, mama." Akaniwekea chai.

Ningekuwa na bahati ingeishia hapo. Lakini Muleba si Ulaya. Juzi nilikuwa sokoni, nikawaona akina mama walioshuka na lori la maharage, na mmoja nikamtambua, alikuwa jikoni siku ile. Nikajitupa nyuma ya magunia. Nimechuchumaa pale na kuku wa mtu ananitazama. Yule mama akasimama kununua maandazi kwa mama yako, na domo halina pazia, akaanza: harusi ya kwa Kaijage, na Hamisi alivyowatia aibu.

Mama yako akasema, "Hamisi yupi?"

"Hamisi wa Bukoba, wa karabai."

"Hamisi huyo ni mwanangu, na siku ile alikuwa kaburini."

"Basi mama, alikuja marehemu na akala mbuzi! Tumemwona kwa macho, tumemwita akaitika."

Watu wakaanza kujaa. Mama yako hajawahi kupandisha sauti, unamjua. Siku ile alipandisha. Akasema, "Aliyekwenda ni Kamugisha, na aliwaambia! Masikio yenu ndiyo mabovu! Kijana yule amekula kwenye sinia langu na mwanangu miaka yote. Ana maneno, ana majivuno, lakini mimi hawezi kunidanganya!" Yule mama wa Muleba akacheka akaondoka na watu wakamcheka mama yako, wengine wakimwonea huruma, jambo ambalo ni baya zaidi. Na alipoinama kuokota maandazi yaliyomwagika kwa kusukumana kwa watu, kaka, mimi nilikuwa hatua chache tu, nyuma ya magunia. Sikutoka kumsaidia kuokota.

Leo asubuhi ndiyo nimekwenda. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikasema yote, nimetazama chini, mpaka ile ya kucheka kwenye lori. Aliendelea kupepeta. Nilitaka anipige na ungo. Nilikuwa nimesogea karibu kabisa ili afikie.

Akauliza tu, "Mbuzi ulimla?"

"Nilimla, mama."

"Aliyechinjiwa Hamisi."

"Ndiyo, mama."

"Alipikwa vizuri?"

Nikatazama mchele kwenye ungo. Alipikwa vizuri, kaka.

Akaweka ungo chini, akaingiza karabai zote mbili chumbani kwako, akafunga. Akasema hazitoki mpaka jina la mwanawe lirudi kutoka Muleba. Na kwamba halirudi lenyewe. Kesho kuna lori, tutakwenda wote wawili, na nivae shati safi.

Kwa hiyo ndiyo hali, Hamisi. Fundi mkubwa wa Bukoba naandika kwa koroboi, na moshi unaniingia puani. Naogopa. Ningepewa kupigana na wanaume watatu ningechagua hao watatu. Nawaona tayari wamejaa pale uani, na Mzee Kaijage amekaa kwenye kiti chake, na yule mama wa maharage mbele kabisa. Nimejaribu kutunga maneno ya kuwachekesha kidogo ili iwe nyepesi. Yalikuwa mazuri. Nayo nimeyachana.

Sikuombi unisamehe, maana hata hilo ningelitaka kwa ajili yangu. Lala, kaka. Lala kabisa, usihangaike na Muleba. Na mimi nakuahidi hili: kesho wakiniuliza pale uani, "Wewe ni nani?" nitajibu mwenyewe, kabla mama yako hajafungua mdomo.

Kamugisha