Mpira wa Meneja

Jumapili, Kilosa

Na bado nampenda, hata baada ya kosa hili! Leo mgeni mmoja wa meneja wa shamba la mkonge hakufika, basi meneja akamwita Idi wangu akacheze naye kroke, mchezo wa Wazungu. Nilikaa upenuni na mpishi nikimtazama mume wangu ndani ya shati nililolipiga pasi mwenyewe. Jamani, alivyopendeza!

Wanagonga mpira wa mti kwa nyundo yenye mpini mrefu, upite chini ya vyuma vilivyopindwa. Mpira wa meneja ukatumbukia mferejini. Idi akauokota, akaufuta kwa leso, akauweka kwa mikono miwili mbele ya chuma, mahali pazuri kabisa. Angewezaje kumwacha mkubwa ahangaike?

Meneja akawa mwekundu. "Karani, umesogeza mpira wangu?"

"Ndiyo, bwana. Nimekusaidia tu."

"Leo unadanganya kwa ajili yangu, kesho utanidanganya kwenye mizani ya mkonge. Ile nyumba niliyokuahidi uishi na mkeo nitampa mwingine."

Mpishi akaninong'oneza, "Pole, bibi harusi. Kafunge mizigo."

Idi anasema meneja atalainika. Hatalainika. Bila nyumba, yeye atarudi kwenye bweni la wanaume, na baba atakuja kunichukua nirudi kwetu Mvumi, kama wazee walivyokubaliana siku ya posa.

Nimemwambia amecheza vizuri kuliko Wazungu wote. Amegeukia ukutani, nami nalikunja lile shati niliweke kwenye mzigo wake.