Mbwa Aliyebweka Usingizini Siku ya Ntheo Yangu

Kasikeu, 9 Juni 1982

Shangazi Syokau mpendwa,

Pokea salamu nyingi, sisi huku tu wazima ila moyo wangu ndio mgonjwa, na ninakuandikia wewe kwa sababu gazeti lako husomwa hapa sokoni mpaka linachanika na nimeona jinsi unavyowasaidia wengine. Mimi ni mama wa watoto wanne, nimekaa na Mulei tangu mwaka wa ile njaa ya atta, tulipokuwa tukila unga wa msaada, na kwa kuwa mwaka huo mbuzi walikuwa wamekwisha kila mahali hakupeleka ntheo, wale mbuzi watatu wa kuolea, kwa baba yangu, tukasema mvua ikinyesha itapelekwa, mvua ikanyesha, mbuzi wakazaana, watoto wakaja, mwaka ukapita na mwingine, na wewe ni Mkamba mwenzangu, unajua mwanamke ambaye mbuzi wake wa ntheo hawajafika kwa baba yake, hata azae kumi, bado ni msichana wa kwao. Sasa binti yetu wa kwanza, Mbula, amepata mchumba, mwalimu kutoka Migwani, kijana wa heshima, na wazee wamemwambia Mulei waziwazi kwamba hawezi kupokea mbuzi hata mmoja wa binti kabla hajapeleka wa mama yake.

Basi Mulei akatafuta mbuzi watatu, beberu na majike wawili, na Jumamosi moja mwezi wa nne tukaenda nao kwa baba yangu, Mzee Mutunga, tukiongozwa na Mzee Kiema, baba mkubwa wa Mulei, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wao na tangu zamani hanipendi, husema nilijileta. Shida ilikuwa mbwa wangu Sajini. Huyu mbwa hunifuata kila niendako, na kazi yake ni kufukuza nyani kwenye mahindi na mbaazi tangu jua linapochomoza, kwa hiyo mchana akipata kivuli hulala, na akilala huota, Shangazi, na hajui kuota kimya, hukimbia akiwa amelala ubavu, miguu inachimba mchanga, midomo inatetemeka, analia kama mtoto kisha anabweka. Nyumbani tumezoea, watoto humcheka tu. Siku hiyo alijilaza chini ya benchi ya wazee, mbuzi wakiwa wamefungwa nje ya lango, na Kiema alikuwa ndiyo tu amesimama kusema maneno ya kuwakabidhi wakati Sajini alipobweka kwa nguvu zake zote, mzee mmoja akaruka na kibuyu cha uji kikamwagika, mbuzi wakashtuka wakakata kamba wakaingia ndani mbio, majike wakajichanganya na mbuzi wa baba zizini, na beberu akajaribu kuruka ua akavunjika mguu.

Kiema akamtazama yule mbwa, ambaye bado alikuwa amelala, akasema, "Hii mbwa imeona kitu yenye sisi hatuoni. Mimi siwezi toa mbuzi hapa leo." Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni ndoto tu, anafukuza nyani," akanijibu, "Wewe nyamaza, bado hujakuwa bibi ya mtu." Shangazi, nililia mbele ya watoto wangu. Baba akasema nyama isiharibike, beberu akachinjwa, watu wote wakala, hata Kiema alikula mbavu na akaomba mguu wa kubeba, lakini alisema hicho kilikuwa chakula tu, majike wakae huko zizini kwanza, na hatarudi kwa baba mpaka mbwa anyongwe. Mulei anasema tumtii mzee. Mchungaji anasema niombe. Watu wa Migwani wanatarajiwa mwezi wa nane. Je, nimuue Sajini ili niolewe, ama nimwache binti yangu akose mume? Nisaidie, maana miaka ishirini na moja si kidogo.

Ndimi Ndinda

Shangazi Syokau anajibu:

Ndinda, futa machozi kwanza, halafu uniwie radhi kwa sababu nitakugombeza.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuhurumia, ya pili nilikasirika, na ya tatu nilicheka mpaka karani wa ofisi akaja kuuliza kuna nini.

Tuanze na Sajini. Mbwa anayekimbizana na nyani tangu asubuhi akilala anaendelea na kazi, basi. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori kule Malili, na usingizini alikuwa akikanyaga breki mpaka ananitupa chini kutoka kitandani, na hakuna mzee wa ukoo aliyesema anyongwe. Ukimkuta mbwa anaota hivyo usimguse, anaweza kukuuma kabla hajajua ni wewe. Mwite jina ukiwa mbali. Kosa la siku ile ni la aliyemwacha alale chini ya miguu ya wageni, na huyo ni wewe. Na Mulei naye, mwambie nimesema aone haya! Mbuzi watatu ndio wa kumchukua mwanamume miaka ishirini na moja?

Sasa nisikilize vizuri. Umeandika barua nzima kuhusu mbwa, na jambo kubwa umelitupa pembeni kama maganda ya mbaazi. Umesema beberu alichinjwa kwa baba yako na Kiema akala mbavu. Ndinda! Beberu wa ntheo hupelekwa akafanywe nini? Si achinjwe kwa kina msichana, na watu wa pande zote mbili wamle? Majike wawili wako katika zizi la baba yako tangu mwezi wa nne, na beberu yuko tumboni mwa ukoo wa Mulei. Kimebaki nini, hotuba ya Kiema? Nilitaka kuhakikisha, nikamwendea Mzee Nzioka, jirani yangu, ambaye ameketi kwenye ntheo nyingi kuliko nywele zilizombakia kichwani. Alinisikiliza, akapiga magoti yake kwa kicheko, akasema: "Huyo mzee amekula ntheo. Ata akitaka kutapika, ilishaenda."

Kwa hiyo mbwa hauawi. Wiki hii wewe na Mulei mwende kwa baba yako, naye amwite Kiema pamoja na wazee wote waliokuwapo, maana hata aliyesema hatarudi hakatai mwito wa wazee, na mbele yao amuulize swali moja tu: "Ile nyama ulikula hapa kwangu ilikuwa ya nini?" Akisema ilikuwa ya ntheo, maneno yamekwisha. Akisema haikuwa ya ntheo, basi amekula beberu wa watu bure na kubeba mguu nyumbani, na alete mwingine siku hiyo hiyo, atuchinjie tena, tutakula. Mimi nawajua wazee wetu. Hakuna atakayechagua jibu la pili wenzake wakimtazama. Sajini mwache nyumbani siku hiyo, afungwe kivulini na maji karibu, aote nyani wake kwa raha.

Kisha mwandikieni yule mwalimu wa Migwani, watu wake waje mwezi wa nane bila wasiwasi. Na wakija, wewe usijifiche jikoni kwenye moshi ukipakua pure. Vaa vizuri, keti mbele kando ya Mulei, mbuzi wa binti yako waingie ukiwaona, na mtu akikuuliza umekaa hapo kama nani, mjibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Umeolewa, Ndinda. Umeolewa tangu Jumamosi ile nyama ilipoiva, na aliyekuoza ni Kiema mwenyewe kwa meno yake. Hongera sana, bibi ya Mulei!