Profesa wa Joto Aliyeganda Maskati

Dada Zuhura,

Salamu nyingi. Daktari wa hoteli ametutangazia mchana huu kwamba profesa wa Kijapani, niliyekuja huku kuandika habari zake, amepoteza sauti kwa baridi. Nje, lami inalainika kwa jua.

Mzee huyu ametumia maisha yake kupima joto la dunia. Serikali nyingi zimemsikiliza, zikampa ngao za heshima, zikaendelea na shughuli zao. Leo ilikuwa zamu ya wakubwa wa hapa, na hii ndiyo hotuba yake ya mwisho kabla ya kustaafu.

Mwenyeji wetu, Bwana Seif, asili yake Unguja, na kwake ukarimu ni kiyoyozi. Asubuhi alimuuliza mgeni, "Profesa, baridi yatosha?" Profesa, ambaye kwao kumlalamikia mwenyeji ni aibu, akainama kushukuru. Seif akaongeza baridi. Akauliza tena; mzee akainama zaidi, huku meno yakigongana.

"Mpunguzie, Seif, mtu anaganda!" nikamwambia.

"We nawe! Kwao theluji. Nnataka ajione yuko nyumbani."

Profesa alipopanda jukwaani, halikutoka hata neno moja. Wakubwa wakapiga makofi, wakampa ngao.

Halwa yako nimeshaifunga. Nakukumbuka, na chai yako ya tangawizi ingemfaa sana mzee wa watu. Hotuba imesogezwa hadi kesho baada ya alasiri, na Seif ameshaagiza kiyoyozi cha pili.

Nduguyo,
Hamadi