Jina Nililoliruka Kwenye Marejeo

Kimara, Jumapili

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Sie wazima, ila kiti cha marehemu babu yako bado sijathubutu kukikalia.

Unauliza kama umwondoe kwenye marejeo yule mzee wa Temeke uliyemhoji, maana hana kitabu na jarida limekurudishia makala. Pole, mama.

Nilipokuwa mpiga chapa chuoni, mtafiti mmoja aliandika kuhusu dawa za miti. Kwenye orodha ya marejeo alimweka Bi Somoe, mkunga aliyemfundisha. Jina halikuwa na mwaka wala mchapishaji, nikaona linaharibu mpangilio, nikaliruka. Hakuna aliyegundua.

Makala ilipotoka, Bi Somoe alikuja ofisini amevaa kanga mpya.

"Haya mwanangu, nisomee hapo nilipo mie."

Nilifunua ukurasa kwa ukurasa, nikijua hayumo.

"Basi usihangaike," akasema. "Maandishi yenyewe madogo hivyo, utaniona wapi?"

Akacheka, akaniaga vizuri. Nami nikarudi kwenye mashine yangu.

Waulize wahariri mtu aliyehojiwa anaandikwaje. Naamini utaratibu upo. Nukta na mkato utavirekebisha, hata ikibidi mara ya tatu.

Ukisali, nitaje na mimi.

Bibi yako