Nilimvua Trueno Viatu, Sasa Namtandikia Mazulia

Mpendwa mshauri Remedios, naomba msaada, na ukiisoma hii redioni tafadhali niite Mkimya wa Lexington, maana baba anakusikiliza akiwa bandani. Nina miaka kumi na sita, nimesomeshwa Kihispania na Kiingereza na naweza kunyamaza kwa lugha zote mbili, lakini mwezi uliopita nilifungua mdomo, ndilo balaa lenyewe. Tuna farasi aliyestaafu mbio, anaitwa Trueno, yaani Radi, ingawa katika mbio zake zote hakuna aliyesikia hata ngurumo, na mjomba Chuy, fundi wetu wa kwato, alipokuja kumbadilishia viatu vya chuma nikasimama mbele ya watu wote nikahutubia kwamba farasi wa porini hukimbia peku juu ya mawe na hawaumwi. Baba akacheka, "Wewe ambaye hata soda dukani unamtuma mdogo wako, leo unamfundisha mjomba kazi?" Mjomba akasema, "Haya mpwa, nang'oa. Akichechemea usije kunililia."

Mchana uleule nikampeleka kwenye kokoto ili azoee, akachechemea, na sikumlilia mtu, nikachukua mazulia ya mpira ya bandani na tangu siku hiyo namtandikia mpaka malishoni, anapita kama bwana harusi, na baba anadhani namdekeza tu. Sasa Jumamosi anakuja Bi Pruitt, anataka kumchukua awe wa wajukuu zake, na njia ya kwake ni kokoto tupu. Baba kasema Bi Pruitt asipomtaka, Trueno anarudi mnadani, na kule farasi anayechechemea hanunuliwi na mtu wa kumpanda, hununuliwa na watu wa machinjioni. Niseme au ninyamaze? Na kama ni kusema, kuna namna ya kusema bila kuongea?

*

Mkimya mwanangu, pole, na pole zaidi kwa Trueno, ambaye hakuandika barua. Farasi wa porini hajapigiliwa viatu kwa misumari tangu utotoni wala hajalala juu ya maranda. Wako ulimvua viatu asubuhi, mchana ukamtaka awe wa porini. Wewe mwenyewe ungeweza?

Kuvua viatu si kosa. Kosa ni haraka, na la pili ni hayo mazulia, yanayoficha maumivu yake na aibu yako. Leo, si kesho, mwite mjomba akague kwato. Acha akucheke, kicheko hakiui. Kokoto marufuku. Mchanga mkavu kwanza, matembezi mafupi, na nafaka tamu punguza, sukari hudhoofisha kwato. Akitoka mvalishe viatu vya mpira vya kufunga kwa mikanda. Kwato huota taratibu, huenda ikachukua karibu mwaka, na Bi Pruitt ana haki ya kulijua hilo kabla ya kumchukua, si baada.

Baba yako kashajua, maana nimeisoma hii saa yake ya kusugua farasi na hakuna mwingine huko mwenye Trueno. Samahani, hapo nimekusaidia.

Unataka kusema bila kuongea? Jumamosi kunja mazulia, mvalishe Trueno viatu vyake vya mpira, kisha simama pembeni yake. Bi Pruitt atauliza mwenyewe vile ni vitu gani. Hapo mjibu, kwa yoyote kati ya zile lugha mbili.